Presha na akili: daftari moja, vipimo viwili

Kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, utasikia mtu akisema, "Leo nasahau sahau, presha imepanda." Hajapima. Presha ya kupanda mara nyingi haijisemi. Inachofanya ni kuchakaza mishipa midogo ya ubongo kwa miaka, kuta zikakakamaa na damu ikapita kwa taabu. Mara nyingi wepesi wa kufikiri na kupanga mambo hutangulia kupungua, kusahau kukafuata. Kwa hiyo vipime vyote viwili.

Presha upime siku 7, asubuhi kabla ya dawa na chakula, kisha jioni. Nusu saa kabla, usinywe kahawa chungu wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, ukae kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, nyayo chini, miguu usiikunje nne. Mkono uwe wazi, juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ya presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda kwa uongo. Mkono ukining'inia, vilevile. Ukipiga soga, vilevile. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, uandike zote. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 au zaidi, peleka daftari kliniki.

Akili ipime mara moja kwa mwezi, saa ileile, ukiwa umelala vizuri. Mtu akushikie saa, utaje samaki kwa dakika 1: changu, tasi, kibua, nguru… Asikusaidie! Hesabu majina, yaliyorudiwa usiyahesabu. Mwezi ujao taja matunda, kisha vyombo vya jikoni, maana orodha ileile utaikariri. Mvuvi atamshinda karani kwa samaki, kwa hiyo jilinganishe na wewe mwenyewe, orodha ileile inaporudi. Mwezi mmoja mbaya si ugonjwa. Ukiporomoka miezi kadhaa mfululizo, mwambie daktari.

Presha ya kushuka nayo huvuruga akili, tena papo hapo. Ukisimama ukaona kizunguzungu, pima umekaa, kisha umesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka 20, au ya chini 10, huenda dawa inahitaji kurekebishwa. Usiiache mwenyewe.

Utafiti wa SPRINT wa Marekani (matokeo ya 2019, watu wa miaka 50 na zaidi) ulionyesha kuwa kulenga namba ya juu chini ya 120, badala ya chini ya 140, kulipunguza udhaifu mdogo wa akili. Kwa ugonjwa wenyewe wa akili kudhoofika sana (dementia), tofauti haikuthibitika. Hiyo 120 si ya kujipangia nyumbani.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Mloweke, maji uyamwage.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, huenda ni kiharusi; usipime kitu. Mbio hospitali ya Bombo, daftari lifuate baadaye.