Kurekodi Mabadiliko na Kufunga Safu katika Spring Data JPA

Spring Data JPA ni maktaba ya Java ya kufanyia kazi hifadhidata. Chukua akaunti yenye salio la 100 ambayo miamala miwili (kazi za hifadhidata zinazokamilika nzima au kubatilishwa nzima) imeisoma kwa wakati mmoja, kila mmoja ukakusudia kupunguza 30. Bila kufuli, yaani kizuizi kinachowazuia wengine kubadilisha safu (mstari wa data) unayoitumia, salio litaishia 70 badala ya 40, na sehemu inayotaja aliyebadilisha mwisho itaonyesha jina moja tu, kana kwamba mwenzake hakuwahi kupita. Kwa hiyo, kwenye entiti (klasi ya Java inayowakilisha jedwali la hifadhidata) inayobeba hesabu, weka rekodi ya nani alibadilisha na lini, pamoja na kufuli.

Rekodi ni kazi nyepesi. Weka `@EnableJpaAuditing` kwenye klasi ya usanidi na `@EntityListeners(AuditingEntityListener.class)` juu ya entiti, kisha utie alama za `@CreatedDate`, `@LastModifiedDate`, `@CreatedBy` na `@LastModifiedBy` kwenye sehemu husika. Tarehe hujijaza zenyewe, lakini majina huhitaji utekeleze `AuditorAware`, ambayo hurejesha `Optional` ya mtumiaji aliyeingia. Kwa kazi zinazojiendesha zenyewe, rejesha jina la mfumo. Kumbuka kwamba hoja (query) ya `update` iliyoandikwa chini ya `@Modifying` haipitii kwa `AuditingEntityListener`, hivyo tarehe na jina ni lazima uviandike ndani ya hoja yenyewe.

Kufuli huwekwa kwenye repozitori, yaani kiolesura kinachobeba hoja za hifadhidata:

```java
@Lock(LockModeType.PESSIMISTIC_WRITE)
@Query("select a from Akaunti a where a.id = :id")
Optional<Akaunti> somaNaFunga(@Param("id") Long id);
```

Kwa hifadhidata kama PostgreSQL, hoja hii hugeuka `select` yenye nyongeza ya kufunga, na yeyote mwingine atakayetaka kuifunga au kuibadilisha safu hiyo husubiri hadi muamala wako ukamilike au ubatilishwe. Iite ndani ya methodi yenye `@Transactional`, la sivyo utapata `TransactionRequiredException`. Isitoshe, iwe ndiyo usomaji wa kwanza wa akaunti hiyo katika muamala, kwa kuwa Hibernate (injini inayotekeleza JPA) ikiwa tayari inayo entiti hiyo kwenye kumbukumbu yake, unaweza kufunga safu huku ukipiga hesabu kwa salio la zamani, kosa ambalo majaribio ya mtu mmoja hayalifichui.

Unapohamisha fedha kati ya akaunti mbili, zifunge daima kwa mpangilio wa `id`, ili miamala miwili isikwame ikingojana. Usiite huduma ya nje ukiwa umeshika kufuli.

Migongano ikiwa nadra, mimi huchagua `@Version`, namba ya toleo inayokaguliwa wakati wa kuhifadhi: hakuna anayesubiri wakati wa kusoma, ila anayechelewa hupata `ObjectOptimisticLockingFailureException`, naye hulazimika kuanza upya kwa muamala mpya, tangu kusoma.