Nchi Kadhaa, Sarafu Moja: Kazi Inaanzia Wapi

Kuchapisha noti ndiyo hatua nyepesi, nayo huja mwisho.

Anzeni na masharti ya kuingia. Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inataka mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti pamoja na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisipite asilimia 50 ya pato hilo, malipo yake ya baadaye yakihesabiwa kwa thamani ya sasa, na akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Yote yashikwe miaka 3 mfululizo. Lengo lilikuwa 2024, likasogezwa hadi 2031. Hesabu zikaguliwe na chombo cha jumuiya, wala si wizara ya fedha ya nchi inayoomba. Ugiriki iliingia kwenye yuro 2001, kisha ikabainika kwamba nakisi yake halisi ilikuwa kubwa kuliko iliyoripotiwa.

Halafu riba ikabidhiwe benki kuu moja. Hapa ndipo penye uchungu. Leo bei ya chai ikianguka, shilingi ya Kenya inaweza kushuka thamani na mauzo ya nje yakapata ahueni. Ndani ya umoja njia hiyo imefungwa, na mzigo unaangukia mishahara na ajira. Kwa hiyo mfuko wa kusaidiana uandikwe kwenye mkataba mapema: nani anachangia kiasi gani, nani anakopeshwa na kwa masharti yapi. Nchi za yuro zilipata mfuko wa kudumu 2012, mgogoro ukiwa umeshawaka.

Nairobi imewahi kuyaona haya. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ilihamia hapa kutoka London 1960. Shilingi yake, 20 kwa pauni moja ya Uingereza, ilitumika Kenya, Uganda na Tanzania. Baada ya uhuru kila serikali ilitaka kuongoza mikopo na fedha zake yenyewe, na 1966 kila nchi ikawa na benki kuu yake.

Viwango vya kubadilisha vikifungwa, viwe na tarakimu 6 na visikatwe. Yuro moja ilikuwa lira 1936.27 za Italia. Kahawa ya lira 1,500 unaigawa kwa 1936.27, unapata 0.7747, ndipo unakadiria hadi yuro 0.77. Ukirahisisha kwa kugawa kwa 1,900, inakuwa 0.79. Senti 2 kwa vikombe 1,000 ni yuro 20 za mteja.

Noti zije baada ya hapo. Kroatia ilianza kuonyesha bei kwa sarafu mbili Septemba 2022, ikaingia yuro tarehe 1 Januari 2023, na sarafu zote mbili zikapokelewa siku 14 tu. Maduka yapelekewe chenji ndogo kabla ya siku yenyewe, la sivyo foleni zitakwama asubuhi ya kwanza. Kwa Nairobi, jaribio zito litakuwa kwenye simu: salio la kila pochi libadilishwe usiku mmoja, kwa kiwango kilekile, na mwenye nalo aletewe ujumbe wenye kiasi cha zamani na kipya. Sheria nayo itamke kwamba mikataba ya kodi na mikopo inaendelea ilivyo, ili mwenye nyumba asipate upenyo wa kupandisha kodi kwa kisingizio cha sarafu mpya.