Tiketi za vipindi vya televisheni New York, na namna ya kufika studio kwa treni

Panga tiketi kwanza, hoteli baadaye, treni mwisho. Wengi hufanya kinyume: wanalipia hoteli, wanafika, ndipo wanagundua kuwa kipindi walichokitamani kiko mapumzikoni wiki hiyo. Vipindi vya mazungumzo vya usiku huchukua likizo mara kadhaa kwa mwaka, hasa Agosti na mwisho wa Desemba. Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Jumamosi usiku, huwa na msimu wa takriban Oktoba hadi Mei, na hata katikati ya msimu zipo Jumamosi zisizo na kipindi kipya. Angalia ratiba kabla hujagusa pesa yako.

Saa zote humu ni za New York, kwa hesabu ya Kiswahili. Mtu aliye Dar es Salaam au Nairobi aongeze saa 7 kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 8 katika miezi ya baridi.

Tiketi ni bure, kiti hakina uhakika

Hakuna studio kubwa New York inayouza tiketi za watazamaji. Anayekuuzia anakuibia, kwa sababu tiketi hutolewa kwa jina na mlangoni wanaangalia kitambulisho. Vipindi vingi hutumia tovuti ya 1iota: The Tonight Show ya Jimmy Fallon, Late Night ya Seth Meyers, The View na vinginevyo. Unafungua akaunti, unachagua tarehe, unataja idadi ya watu, unatuma ombi. Hapo umeomba tu, bado hujapata. Subiri barua pepe ya kukubaliwa, na ukiipata thibitisha mapema, la sivyo nafasi inapewa mwingine.

Jina la akaunti liwe lile lile la kwenye pasipoti. Hili huwasumbua watu wetu kuliko wengine: nyumbani unaitwa Mama Salma, mtandaoni umejiandikisha kwa jina la mume, na pasipoti ina majina matatu ambayo hakuna anayekuita. Andika la kwanza na la ukoo kama yalivyo kwenye pasipoti, na ubebe pasipoti yenyewe.

Kwa kuwa tiketi ni za bure, wengi huzichukua na hawatokei. Kwa hiyo watayarishaji hugawa tiketi nyingi kuliko viti, na viti vikijaa anayebaki nje anarudishwa hata kama ana tiketi halali. Soma barua pepe uone kama tiketi yako ni ya kipaumbele au ya kawaida, na kama ni ya kawaida wahi kabla foleni haijafunguliwa. Siku hiyo usipange jambo jingine la mchana. Kurekodi huenda kukachukua saa moja na nusu, lakini ukijumlisha foleni, ukaguzi na kusubiri, tenga muda wa saa 4. Usije na sanduku la safari moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Beba sweta hata Julai, maana studio hupozwa sana. Na nenda chooni kabla ya kuingizwa ndani.

Umri ni kikwazo kwa wanaosafiri na watoto. Fallon, Meyers na Saturday Night Live hawaruhusu aliye chini ya miaka 16. The Daily Show ni kuanzia 18. Kwa familia, kilicho rahisi ni kusimama uwanjani Rockefeller Plaza asubuhi wakati kipindi cha Today kiko hewani kuanzia saa moja. Hakihitaji tiketi, ila wanaotaka kuonekana kwenye kamera huwa wamefika gizani.

Jihadhari na maelekezo ya zamani. The View imehamia Hudson Square, kusini mwa Manhattan, na Good Morning America iliondoka Times Square mwaka 2025 ikaenda huko huko. Stesheni za karibu ni Spring St ya treni za C na E, au Houston St ya treni 1. Mwaka huo huo kituo cha CBS kilitangaza kwamba The Late Show ya Stephen Colbert itakoma Mei 2026, kwa hiyo mwongozo unaokutuma Ed Sullivan Theater kumtazama Colbert umepitwa.

Saturday Night Live

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni bahati nasibu: unatuma barua pepe moja tu mwezi Agosti, na ukishinda wao ndio wanaochagua tarehe. Kwa mtu anayepaswa kupanga viza na ndege, hiyo ni ya kujaribu tu.

Ya pili ni foleni ya kusubiri. Alhamisi kabla ya kipindi, saa 4 asubuhi, fomu hufunguliwa mtandaoni. Kwa aliye Dar hiyo ni saa 11 au saa 12 jioni. Unachagua kimoja: mazoezi ya mwisho yanayoanza Jumamosi saa 2 usiku, au kipindi chenyewe cha mubashara cha saa 5 na nusu usiku. Chagua mazoezi. Huwa na vichekesho ambavyo baadaye hukatwa, na yanaisha ukiwa bado na nguvu ya kurudi hotelini.

Ukikubaliwa, unapanga foleni Ijumaa jioni nje ya jengo la 30 Rockefeller Plaza, upande wa mtaa wa 49, na kadi hugawiwa baada ya saa 6 usiku. Lazima uwepo mwenyewe. Mwenzako hawezi kukushikia nafasi. Vaa nguo za kukesha nje. Kadi hiyo inakupa namba ya foleni ya Jumamosi tu, haikuhakikishii kiti, kwa hiyo namba kubwa huenda isiingie.

Usafiri

Sahau MetroCard, ile kadi ya njano ya nauli; iliacha kuuzwa na kujazwa mwishoni mwa 2025. Sasa unagusa geti kwa kadi ya benki yenye alama ya mawimbi, kwa simu, au kwa kadi ya OMNY inayouzwa dola 2 kwenye mashine za stesheni, ambazo hupokea pesa taslimu. Kadi ya mtandaoni isiyo na plastiki, iliyotengenezwa kwa ajili ya manunuzi ya intaneti tu, haifungui geti. Nunua OMNY.

Tangu Januari 2026 nauli ni dola 3, na kutoka treni kwenda basi ndani ya saa 2 hulipi tena. Ukifikisha dola 35 ndani ya siku 7, yaani kwenye safari ya 12, zinazobaki ni bure. Watu hupoteza punguzo hilo kwa njia mbili: kugusa leo kwa kadi na kesho kwa simu, ambazo mfumo unazihesabu kama wasafiri wawili hata kama akaunti ya benki ni moja, na kuilipia familia nzima kwa kadi moja. Kila mtu awe na yake. Mtoto asiyefika inchi 44, kama sentimita 112, halipiwi nauli.

Kutoka uwanja wa ndege wa JFK, panda AirTrain, treni ya uwanja huo, hadi stesheni ya Jamaica. Unalipia pale unapotoka, zaidi ya dola 8, na haihesabiki kwenye zile 35. Kisha panda treni ya E, si J wala Z zinazozungukia Brooklyn. Shuka 5 Av/53 St kwa Rockefeller. Kutoka uwanja wa ndege wa LaGuardia, basi la Q70 ni la bure hadi Roosevelt Avenue, nako E ipo.

The Daily Show ndiyo inayowachosha watu: iko 11th Avenue, na stesheni ya karibu, 50 St ya C na E, iko 8th Avenue. Kwenye ramani ni vipande vitatu vya mtaa, kutoka barabara moja hadi nyingine, lakini mitaa ya mashariki kwenda magharibi ni mirefu kuliko ya kaskazini kwenda kusini. Hesabu karibu mita 800, au panda basi M50.

Stesheni nyingine zina milango tofauti kwa kila upande wa barabara, mmoja umeandikwa Uptown (kwenda kaskazini) na mwingine Downtown (kwenda kusini). Soma ubao kabla ya kugusa, kwa sababu ukikosea huenda ukalazimika kutoka nje na kulipa upya.

Mwisho wa wiki, matengenezo hubadilisha njia kuanzia Ijumaa usiku hadi alfajiri ya Jumatatu, yaani katika saa zile zile za Saturday Night Live. Stesheni ya 47–50 Sts ina B, D, F na M, lakini Jumamosi B haitembei na M haifiki hapo. Tegemea D na F, na uangalie taarifa za MTA, shirika la usafiri la New York, siku hiyo hiyo. Kipindi huisha saa 7 usiku. Treni zipo usiku kucha, ila huweza kupishana kwa dakika 20. Kama unalala mbali na njia hizo mbili, weka akiba ya nauli ya teksi.