Kamomili au Pareto? Namna ya Kuyatambua Maua Meupe Yenye Kitovu cha Manjano

Mama mmoja kutoka Bahati, hapa Nakuru, alinijia kitaluni asubuhi na mche uliofungwa kwa gazeti. "Nimeuziwa huu kuwa ni kamomili ya chai," akaniambia. "Niko sawa nikichemsha?" Niligeuza jani moja nikamwomba asichemshe chochote. Ulikuwa mche wa pareto, ua ambalo sumu yake ya kuua wadudu ndiyo iliyolifanya zao la biashara huku kwetu, kuanzia Molo hadi Mau Narok.

Nimekua nikichuma pareto, na sasa nauza miche ya maua hapa Nakuru. Kosa hilo linaniuma kwa sababu kulizuia ni kazi ya dakika tano. Tafuta wembe, rula, ua lililofunguka vizuri, na jani la chini ya shina. Jani usilisahau. Mtu akinitumia picha ya ua peke yake kwenye simu, huwa namrudisha shambani akalete jani.

Hatua ya 1: Jua unachokitazama

Unachokiita ua moja ni mkusanyiko. Kila "petali" nyeupe ni ua dogo peke yake, na kile kitovu cha manjano ni vijiua vingi vyenye umbo la mrija, vinavyofunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Wachumaji wa pareto hutazama hapo: vijiua vingi vya kitovu vikishafunguka, ua liko tayari. Jamii hii nzima imeumbwa hivyo, pamoja na alizeti, na yale maua ya manjano ya kando ya barabara za Kakamega na Vihiga yanayoitwa amalulu. Kwa hiyo sura ya mbele haitakusaidia sana. Wala usihangaike kuhesabu petali.

Hatua ya 2: Soma jani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Jani la pareto limechanika sana, karibu kufika kwenye mshipa wa kati, na rangi yake inaelekea kijivu kama lililopakwa jivu. Ligeuze upande wa chini uliinamishe kwenye jua: utaona vinyweleo vyembamba sana. Ndivyo vinavyolipa ule ujivu.

Deizi ya Shasta, ile kubwa inayopendwa kwenye bustani za makanisa na hoteli, haina mpasuko wowote. Jani lake ni refu, nene, kijani kilichoiva, na kingo zina meno kama msumeno. Ukiona hivyo, umeshamaliza: hiyo si pareto wala kamomili. Ilizalishwa na Luther Burbank huko California, akaitoa kwa wakulima mwaka wa 1901, na jina ni la Mlima Shasta.

Wa tatu ni ndugu wa karibu wa pareto, ambaye wataalamu humwita Tanacetum parthenium. Jani lake lina vipande vipana, kijani cha kuelekea manjano, na ukilifikicha linatoa harufu kali ya uchungu. Huyu huuzwa kama kamomili mara nyingi kuliko pareto, na ukitafuna majani yake yanaweza kukutoa vidonda mdomoni.

Kamomili yenyewe ina majani kama nyuzi, membamba kuliko ya karoti.

Hatua ya 3: Pima ua na ufuate kikonyo

Shasta hubeba ua moja juu ya shina, lenye upana wa sentimita 5 hadi 10 au zaidi. Pareto pia ni ua moja kwa kila kikonyo, ila ni la sentimita 3 au 4, na vikonyo vingi hutoka kwenye kichaka kimoja. Ndugu yake hubeba maua madogo mengi kwa pamoja, kila moja likikaribia sentimita 2. Kamomili nayo ni ndogo hivyo, na petali zake huinama chini ua linapozeeka.

Hatua ya 4: Pasua kwa wembe

Shika ua kwa vidole viwili ulipasue katikati, kuanzia juu hadi kwenye kikonyo. Kamomili ya Kijerumani, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye chai, ina kitako kilichochongoka kama pia, na ndani yake ni patupu. Ule uwazi unauona bila kioo. Pareto, ndugu yake na Shasta wamejaa ndani. Kuna kamomili ya Kiroma ambayo pia imejaa, kwa hiyo usilitupe ua kabla hujarudi kwenye jani na harufu: kamomili zote mbili zikifikichwa hunukia kama tofaa.

Hatua ya 5: Uliza limeota wapi

Pareto huhitaji baridi ndipo itoe vichipukizi vya maua. Ukiwa Kisumu, kwenye joto la kando ya ziwa, na mmea wako umejaa maua meupe, anza kwa kushuku mwingine kabla ya pareto.

Yule mama tulipasua ua lake pamoja, juu ya gunia la mbolea. Lilikuwa limejaa ndani, jeupe. Nikampa mche wa kamomili uliokwisha kuchanua, naye akaomba wembe apasue mwenyewe ua moja la mche huo kabla hajalipa.