Somo: Kupima dawa kwa rangi, matone matatu kabla ya kutaja jina

Somo hili ni la walimu wa kemia, wataalamu wa maabara na wenye maduka ya dawa wa Mtwara na Lindi. Swali mnaloniuliza ni lile lile: askari anadondosha tone kwenye unga, rangi inageuka, anasema hii ni heroini. Amejuaje? Jibu langu ni kwamba hajajua bado. Ameona dalili ya kundi fulani la kemikali, na kundi hilo lina ndugu wengi. Tutalionyesha hilo kwa vidonge halali, bila kugusa chochote kilichokatazwa na sheria.

Tafuta aspirini mpya, aspirini iliyokaa muda mrefu kwenye kopo lisilofungwa vizuri, parasetamoli, maji safi, dropa, na feri kloridi iliyozimuliwa, ile ya rangi ya njano-kahawia iliyopo kwenye maabara nyingi za sekondari. Utahitaji pia kigae cheupe chenye vishimo. Kama hakipo, sahani nyeupe inatosha. Vaa glavu na miwani. Kaa karibu na dirisha, maana mwanga wa taa ya njano hudanganya jicho.

Hatua ya kwanza, saga kila kidonge peke yake na uoshe kinu kabla ya kusaga kingine. Chembe kidogo tu za kidonge kilichotangulia zinaharibu kazi yote.

Hatua ya pili, koroga kila unga kwenye maji kidogo, uache utulie, kisha chukua maji ya juu. Masimbi ya chini mengi ni wanga na vishikizo vya kidonge.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo. Usiweke tone moja, weka matatu. Kishimo cha kwanza kiwe na maji matupu. Cha pili kiwe na kitu unachokijua kwa hakika. Cha tatu kiwe na sampuli usiyoijua. Mwombe mwenzako akuchagulie bila kukuambia. Maji matupu yakigeuka rangi, kitendanishi chako, yaani kemikali ya kupimia (hapa ni feri kloridi), kimeharibika au chombo ni kichafu. Kitu unachokijua kisipogeuka, kitendanishi kimekufa. Anayepima sampuli peke yake hana kipimo mkononi, ana rangi tu.

Hatua ya nne, dondosha kitendanishi na uandike rangi papo hapo, kisha baada ya nusu dakika, kisha baada ya dakika chache. Andika ulichokiona, usiandike unachodhani. "Zambarau" ni ulichokiona. "Parasetamoli" ni unachodhani.

Sasa tazama kigae. Parasetamoli inatoa buluu ya zambarau. Aspirini mpya haitoi rangi ya maana. Aspirini ya zamani inatoa zambarau! Unyevu wa pwani yetu umeivunja ikawa asidi ya salisiliki na asidi ya siki, ndiyo maana kopo likifunguliwa linanuka siki. Feri kloridi haikuitambua parasetamoli wala aspirini. Ilikutana na fenoli, yaani kundi la hidroksili (oksijeni na hidrojeni) lililoshikana na pete ya benzini (pete ya kaboni sita), na kundi hilo lipo kwenye parasetamoli na kwenye asidi ya salisiliki pia. Mwanafunzi akilielewa hili, mengine yote yanafuata.

Vitendanishi vya dawa za kulevya vinafanya kazi kwa msingi huo huo. Cha Marquis, kinachojulikana tangu 1896, ni mchanganyiko wa fomaldehidi na asidi kali ya salfuriki. Heroini na mofini huleta zambarau, methamfetamini huleta rangi ya chungwa inayoelekea kahawia. Lakini kodeini, ambayo ni dawa ya hospitali, nayo huleta zambarau, aspirini huelekea wekundu, na sukari huungua ikawa kahawia. Unga wa mtaani mara nyingi umechanganywa na parasetamoli au kafeini, kwa hiyo rangi huja imevurugika. Kipimo cha kokeini hutumia kobalti thiosianati na kutoa buluu. Cha bangi, kiitwacho Duquenois-Levine, hutoa zambarau ambayo inatakiwa ishuke kwenye tabaka la klorofomu chini. Ikibaki juu, haihesabiki. Tafadhali msivitengeneze shuleni. Asidi hiyo inachoma ngozi na macho, na fomaldehidi ni sumu.

Jina kamili la dawa hutolewa na mashine zinazotenganisha mchanganyiko na kupima uzito wa molekuli zake, kazi inayofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kanda ya Kusini ofisi yao ipo hapa Mtwara.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa kemia, Newala: Mwalimu mwenzangu, shuleni kwetu feri kloridi imeisha. Nifanyeje?

Tumia iodini, ndugu yangu. Dondosha kwenye unga wa makopa, unga wa mahindi, kidonge cha parasetamoli kilichosagwa, sukari na chumvi. Makopa na mahindi yatageuka buluu-nyeusi, na kidonge pia mara nyingi, kwa sababu vingi hushikizwa kwa wanga. Waulize wanafunzi: je, kidonge hiki ni muhogo? Watabishana wenyewe hadi wafike kwenye jibu.

Mzee wa ulinzi shirikishi, Kilwa Masoko: Kijana amekamatwa na unga, kipimo kikatoa buluu. Bado tuna shaka gani?

Shikamoo mzee. Shaka ipo kubwa. Lidokaini, ile ganzi ya daktari wa meno, hutoa buluu kwenye kipimo cha kokeini. Difenhidramini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na mzio, nayo hutoa buluu. Rangi inatosha kukifanya kielelezo kifungwe, kitiwe saini na kupelekwa kwa mkemia. Haitoshi kumwita mtoto wa watu muuza unga mbele ya mtaa.

Mama, Mikindani: Nimekuta kete kwenye suruali ya mwanangu. Niipime vipi?

Usiipime mama, wala usiionje. Nawa mikono. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, 119. La haraka zaidi ni mwanao mwenyewe. Ukimkuta haamki, anapumua polepole, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano na midomo ina rangi ya bluu, mlaze ubavu na mkimbize hospitali, waambie wazi unachokihisi. Mraibu hutibika: tiba ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilianza Muhimbili mwaka 2011 na imeenea mikoa mingine. Zungumza naye akiwa ametulia, bila kumfokea.

Mtaalamu wa maabara, Lindi mjini: Kitendanishi cha Marquis kilikaa kwenye gari juani, sasa kimekuwa cheusi kidogo. Kitumike?

Hapana. Joto na mwanga vimekiharibu, na zambarau hafifu haitaonekana kwenye weusi huo. Kabidhi kwa utaratibu wa taka za kemikali, usikimwage kwenye sinki. Kipya kihifadhi kwenye chupa ya kioo cheusi, mahali penye baridi, na uandike tarehe ya kufungua kwenye chupa yenyewe.