Kabla gogo la ufukweni halijaingia kwenye tangi la furu

Gogo ni pambo zuri kwenye tangi la furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, lakini mti unaokuja kusumbua ndani ya tangi huwa umechaguliwa vibaya tangu ufukweni. Kwa hiyo tuanzie huko. Fukwe za Luchelele na Igombe, hapa Mwanza, hupata mizizi na matawi yaliyopigwa na mawimbi mpaka gome lote likatoka. Hayo ndiyo ya kutafuta. Bonyeza kwa ukucha: ukizama, mti umeoza. Kwangua kidogo unuse. Ukisikia utomvu au ukaona ubichi wa kijani, uache ukauke kwanza, miezi kadhaa. Msonobari na mkaratusi una utomvu na mafuta, na maziwa ya mnyaa ni sumu. Hii mitatu mimi siitumii hata ikiwa mikavu kabisa. Mpera mkavu ni mzuri: mgumu, tena wenye matawi ya kupendeza.

Mbao za mitumbwi mibovu zina sura ya kuvutia, lakini rangi na lami havitoki kwa kuchemsha. Vilevile kipande kilicholala mwaloni kwenye injini za boti huwa kimenyonya mafuta. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, cha huko kibaki huko. Na usiingie majini kufuata gogo linaloelea: konokono wa kichocho hukaa kwenye majani ya pembezoni, na vimelea vyake hupenya ngozi. Okota kilicho nchi kavu.

Nyumbani, sugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni hapana, maana mti huinyonya na kuja kuitema kwa samaki. Kisha chemsha kwenye sufuria kuukuu saa moja au mbili, umwage maji, urudie. Konokono, mayai yao na wadudu wa ndani hawavumilii hilo, na mti unaanza kuwa mzito. Kisichoenea sufuriani kimwagie maji yanayochemka kila upande, halafu kiloweke kwenye pipa wiki mbili au zaidi huku ukibadilisha maji.

Utaona maji yanageuka kama chai ya rangi. Hiyo ni tanini, rangi ya asili inayotoka ndani ya mti. Samaki wa mito ya Amazon wanaipenda, ila tanini hushusha pH (kipimo cha asidi na alkali; ikishuka, maji huelekea asidi), na furu wetu wamezoea maji yanayoegemea upande wa alkali, pH kati ya 7 na 8.5 hivi. Wengine hudhani mawe ya Mwanza yatarekebisha. Hayawezi, kwa sababu ni matale (graniti), na matale hayayeyuki majini kama chokaa. Kwa tangi la furu mimi ningeweka kipande kimoja kidogo kilicholowekwa mpaka maji yakabaki meupe, nafasi iliyobaki nijaze mawe, ambayo ndiyo maficho yao ziwani hata hivyo. Pima pH kabla ya kuweka mti, kisha wiki moja baadaye.

Mti ukiendelea kuelea, ufunge kwenye jiwe bapa kwa uzi wa nailoni. Usiubane kati ya vioo viwili: mti ukinywa maji huvimba, na kioo kinaweza kupasuka. Wiki za mwanzo mti utaota utando mweupe unaoteleza. Hauna madhara, upanguse tu. Mti ukinuka kama yai viza, utoe siku hiyohiyo.