Somo: Kuandika ujumbe wa kwenda kwa nyota ukitumia daftari la hesabu

Wapendwa, tarehe 16 Novemba 1974 akina Frank Drake, mwanaastronomia wa Marekani, walituma ujumbe na ile antena kubwa ya Arecibo kule Puerto Rico, upana wake mita 305, ukaelekezwa kwa kundi la nyota linaitwa M13. Haukuwa na neno hata moja, ni sifuri na moja tu, jumla 1679. Leo tutengeneze wa kwetu, mdogo.

Kwanza tafuta daftari la miraba la watoto wa praimari, chora boksi ya miraba 5 kwa upana na 7 kwenda chini. Ni 35. Hapa ndo kuna siri yote: 5 na 7 ni namba tasa, kwa hivo atakayehesabu akapata 35 atapanga 5 kwa 7 ama 7 kwa 5 basi, moja inatoa picha ingine inatoa fujo. Ya Arecibo ilikuwa 23 mara 73.

Afu paka rangi miraba mpaka mtu atokee. Yenye rangi ni 1, tupu ni 0, andika mstari kwa mstari bila kuacha nafasi. Wangu ni huu:

01110011100010011111001000101010001

Sasa mpe mtu na usimweleze kitu, hata kidogo! Mi nilimpa kijana wa jirani, katoka Arua juzi tu, Luganda hajui na mi Kilugbara sijui, akahangaika mchana mzima, akapanga 7 kwa upana ikakataa, jioni akaniletea mtu amenyoosha mikono. Nilifurahi sana jamani.

Swali: Mbona usiweke 36?
Inapangika 6 kwa 6, 4 kwa 9, 3 kwa 12, utamchosha bure.

Swali: Ssebo, naweza kuurusha na simu?
Hapana, simu inaongea na mnara wa hapo karibu tu, na redio ya kurusha mbali inataka leseni ya UCC, ile tume ya mawasiliano ya Uganda. Ila usiku mrushie rafiki na tochi, mwanga mrefu 1, mfupi 0.

Swali: M13 watajibu lini?
Kufika tu ni kama miaka 25,000, kurudi vilevile. Antena yenyewe ilishaanguka Desemba 2020 lakini ujumbe bado unaenda.

Swali: Niongeze nini kwa yule mtu?
Chukua 11 kwa 13, weka jua na sayari chini ya miguu yake, afu sayari ya tatu, yaani Dunia yetu, isogeze juu kidogo kumkaribia. Arecibo walifanya hivohivo kuonyesha tunakaa wapi.